Mzigo wa Majani wa Siku Moja

Dominika ya 25 ya Mwaka C
(Amosi 8:4-7, 1 Timotheo 2:1-8, Luka 16:1-13)



Katika Injili ya leo Bwana wetu anaufunga mfano wa wakili mjanja kwa fundisho ambalo tumelizoea mno hata halitushtui tena: kwamba uaminifu wa mtu hupimwa kwanza katika mambo madogo, na kwamba huko ndiko anakojifunza kukabidhiwa makubwa. Mara nyingi tunalipokea fundisho hilo kama onyo, na ni onyo kweli. Leo napenda tulipokee pia kama faraja, kwa sababu naona kwamba wengi wetu wanaihitaji faraja hiyo.

Wapo miongoni mwetu watu ambao hawakuangushwa na uvivu wala na uovu, bali wameangushwa na ukubwa wa kazi iliyo mbele yao. Mzee anadaiwa fedha nyingi, na kila akilifikiria deni lake anaona afadhali alale. Kigango kilianza kujenga kanisa, msingi ukasimama, sasa nyasi zimeota juu ya mawe na hakuna anayetaka kulizungumzia jambo hilo. Kijana amekusudia kuacha pombe, lakini anapofikiri kuwa hataonja tena maisha yake yote, anakata tamaa kabla jua halijatua. Mama anamwuguza mumewe aliyepooza, na hajui ataendelea hivyo kwa miaka mingapi. Hao wote wanautazama mlima mzima kwa mara moja, kisha wanakaa chini. Swali la leo ni hili: mtu mdogo afanyeje mbele ya kazi kubwa?

Ili kulijibu sitawapeleka mbali. Twendeni kwenye banda la ng'ombe.

Wale mnaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Rungwe, Njombe au Kagera, mnalijua banda hilo vizuri. Ardhi ni finyu, migomba na kahawa imejaa hadi mlangoni, hivyo ng'ombe hawezi kuachwa azurure. Hufugwa ndani, na kila anachokula huletewa. Sasa tupige hesabu kidogo. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji si chini ya kilo 40 za majani mabichi kwa siku. Zidisha kwa siku 365, utapata kilo 14,600, yaani zaidi ya tani 14. Lori la tani saba lingejaa mara mbili na majani mengine yangebaki chini. Maji nayo, tukisema lita 50 kwa siku, ni zaidi ya lita 18,000 kwa mwaka. Samadi, tukisema kilo 20 kwa siku, ni zaidi ya tani saba.

Mwambieni mama yeyote kwamba mwaka huu ana kazi ya kubeba kichwani malori mawili ya majani, kuteka ndoo 900 za maji na kuzoa tani saba za samadi. Atawacheka, au atalia. Hata hivyo, ndiyo kazi anayoifanya. Ameifanya mwaka jana na mwaka juzi, na mgongo wake ungali umenyooka. Ameifanyaje? Asubuhi alikata mzigo mmoja wa mabingobingo kwenye kingo za shamba, na jioni akakata mwingine. Alipofagia banda, alifagia uchafu wa usiku mmoja tu. Hakuna siku hata moja aliyoambiwa abebe mwaka mzima. Ndiyo maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, wala hawakusema hivyo kwa kupamba maneno. Walikuwa wakieleza jinsi nyumba zao zilivyosimama.

Wapendwa, banda hili lina mafunzo manne ambayo napenda tuyatazame moja baada ya jingine.

Fundisho la kwanza ni kwamba kipimo cha kazi ni siku. Ng'ombe hawezi kulishwa Jumamosi kwa ajili ya juma zima, wala hawezi kukamuliwa mara moja kwa siku saba. Maziwa hutengenezwa ndani ya kiwele saa zote, mchana na usiku, na kiwele kikijaa pasipo kukamuliwa, mwili wenyewe hupunguza kazi ya kuyatengeneza. Mfugaji akiruka leo, hawezi kulipa kesho kwa kukamua maradufu, kilichopotea kimepotea. Tena ng'ombe huachilia maziwa anapokuwa ametulia, akisikia mikono anayoijua kwa saa anayoizoea. Akishtuliwa au akipigwa, huyazuia. Mungu aliwafundisha Waisraeli somo hilohilo jangwani kwa njia ya mana. Kila mmoja aliokota kiasi cha siku yake, na aliyejaribu kujiwekea akiba ya kesho aliikuta imeoza na kuingia mabuu (Kutoka 16). Na Bwana wetu alipotufundisha kusali, alitufundisha kuomba riziki ya leo. Ndugu yangu unayetaka kuacha pombe, hukuombwa uache miaka 40 iliyobaki. Umeombwa uache leo, kuanzia sasa hadi utakapolala. Kesho itakapofika itakuwa leo, na itakuja na neema yake.

Fundisho la pili ni kwamba kazi inayoahirishwa haikai ilivyo, bali huzaa. Kuondoa samadi ya usiku mmoja ni kazi ya robo saa kwa koleo na ufagio. Iache kwa siku 30, nawe utakuta kilo 600 zilizolowa mkojo na kushindiliwa na kwato. Lakini uzito siyo hasara pekee. Hewa ya banda imekuwa kali, kwato zimeanza kuoza, na ng'ombe aliyelala kwenye tope amepata ugonjwa wa kiwele. Sasa hudaiwi tena robo saa thelathini. Unadaiwa gharama ya daktari wa mifugo na maziwa unayomwaga. Vivyo hivyo ugomvi wa mume na mke ambao ungemalizwa kwa neno moja jioni ileile, ukiachwa mwezi mzima, huita wakwe na wazee wa pande zote mbili. Vivyo hivyo dhambi ndogo isiyoungamwa. Mazoea ya kutafiti dhamiri kila usiku, ambayo wazee wetu walitufundisha tukiwa watoto, ndiyo ufagio wa banda la roho. Hayachukui dakika tano, na yanatuepusha na mengi.

Fundisho la tatu ni kwamba kipande kidogo lazima kimalizwe. Anayejua kukamua anafahamu kwamba maziwa ya mwanzo ni mepesi, na maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Mwenye haraka anayeacha kiwele kabla hakijaisha, hujinyima yale yaliyo bora na kumharibu mnyama wake pia. Kugawa kazi vipande vipande hakumaanishi kuanza mambo kumi na kuyaacha yote katikati. Maana yake ni kuchagua kipande ambacho nguvu zako za leo zinakiweza, kisha kukikamilisha. Kanisa la kigango halijengwi na mkutano mmoja wenye vigelegele. Tusome habari za Nehemia: ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka wote, na hakuna mtu ambaye angeweza kuujenga peke yake. Lakini watu waligawana sehemu, wengi wao wakijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, na ukuta ukakamilika kwa siku 52 (Nehemia 3, 6:15). Jumuiya ndogondogo moja ikiahidi tofali 100 na kuzileta, imefanya kazi kubwa kuliko jumuiya kumi zilizoahidi bati za kanisa zima na hazijaleta hata msumari.

Fundisho la nne ni kwamba mwendo hupimwa kwa aliye dhaifu. Yakobo, aliyekuwa mfugaji hodari, alipokutana na kaka yake Esau njiani, Esau alitaka wasafiri pamoja. Yakobo alikataa kwa upole, akieleza kwamba watoto wake ni wadogo na mifugo yake inanyonyesha, na ikikimbizwa hata siku moja tu, kundi zima litakufa. Alichagua kwenda polepole, kwa mwendo wa wanyama na watoto (Mwanzo 33:13-14). Makatekista wapendwa, neno hili ni lenu. Ndama huzaliwa akiwa na tumbo la kucheua, lakini tumbo hilo bado halifanyi kazi. Katika saa za kwanza anahitaji dang'a ya mama yake, maana ndani yake mna kinga dhidi ya magonjwa, na mwili wake huipokea vizuri siku ya kwanza tu. Kisha hunywa maziwa. Baada ya majuma kadhaa huonjeshwa majani laini, machache, na huachishwa maziwa akiwa na miezi mitatu hivi. Anayemlundikia ndama mchanga mabua ya mahindi kwa sababu ana haraka ya kumwona ng'ombe, atamzika ndama. Mtakatifu Paulo naye aliwakumbusha Wakorinto kwamba aliwalisha maziwa kwanza, kwa kuwa chakula kigumu hawakukiweza bado (1 Wakorintho 3:2). Msiwalundikie wakatekumeni katekisimu yote katika juma la mwisho kabla ya ubatizo. Jambo moja kwa siku, lieleweke, lisaliwe, liishiwe. Wiki ijayo ongezeni lingine.

Sasa, wapendwa, hatuna budi kuweka tahadhari, maana kila neno jema lina watu wanaolitumia vibaya. Wapo watakaosema, "Padre amesema polepole," nao wataketi. La hasha! Pole pole ni mwendo. Kuketi si mwendo. Tena yapo mambo ambayo hayagawanyiki. Ng'ombe mwenye ndigana kali, aliyepandwa na homa na kuvimba mitoki chini ya sikio, hasubiri hadi Jumamosi. Mtoto mwenye homa hapelekwi zahanati kidogo kidogo. Na mshahara wa kijana unayemtuma kukata majani haulipwi kwa ahadi. Torati iliamuru maskini apewe ujira wake siku ileile, kabla jua halijatua, kwa maana roho yake inautegemea (Kumbukumbu la Torati 24:14-15). Hekima ni kujua lipi ni la kugawanywa na lipi ni la kufanywa sasa hivi. Na aghalabu anayelitazama banda lake kila siku ndiye anayejua tofauti hiyo. Aliyekagua masikio ya ng'ombe jana, humwona kupe leo na kumwondoa kabla hajaleta madhara. Asiyetazama kwa mwezi, huletewa habari na kifo.

Hapa ndipo nabii Amosi anapoingia katika somo la kwanza. Amosi hakuwa mwana wa nabii. Alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu (Amosi 7:14). Mtu huyo wa zizini ndiye aliyewakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo cha nafaka, wakaongeza uzito wa mawe ya mizani, na kuwauzia maskini makapi. Tazameni, uovu wao pia ulifanywa kwa vipande vidogo. Hakuna aliyeiba ghala zima kwa siku moja. Walipunguza konzi moja hapa na konzi moja pale. Nasi tunazo konzi zetu. Kikombe kimoja cha maji katika ndoo ya maziwa hakionekani kwa macho. Lakini kipimo cha maziwa pale kwenye kituo cha ukusanyaji hukiona, kwa kuwa maziwa ni mazito kuliko maji na kipimo huzama zaidi yanapochanganywa. Tena mtoto wa jirani anayenunua robo lita kwa ajili ya uji ndiye anayeibiwa. Mtu hujengwa kidogo kidogo, na hubomoka kidogo kidogo. Kikombe cha maji cha kila asubuhi kitamfanya mwenye banda kuwa mwizi kamili, hata kama hakuna siku atakayokumbuka kwamba aliamua kuwa mwizi. Kwa hiyo Bwana anapotutaka tuwe waaminifu katika madogo, hazungumzii vitu visivyo na maana. Anazungumzia mlango ambao kila kitu kikubwa hupitia, kiwe chema au kiovu.

Niruhusuni niwape mfano mmoja. Katika parokia moja niliyowahi kutumwa, mama mmoja alifiwa na mumewe baada ya ugonjwa mrefu. Aliachiwa watoto wanne, deni la matibabu, na mtamba mwenye mimba ya miezi sita. Baada ya tanga kuanuliwa, ndugu wengine walimshauri auze ng'ombe, wengine walishauri auze sehemu ya kihamba. Nilipokwenda kumtembelea aliniuliza, "Baba Padre, nianzie wapi?" Kabla sijajibu, mama mkwe wake aliyekuwa ameketi pembeni akimenya ndizi alisema, "Mwanangu, ng'ombe hajala. Anza hapo." Yule mama alinyanyuka, akachukua mundu, akaenda. Baada ya miezi mitatu ng'ombe alizaa, naye ndama alikuwa dume, jambo ambalo halikumfurahisha mtu. Lakini maziwa yalikuwapo. Kila siku alibakiza lita mbili kwa watoto, nyingine akauza, na kila Jumamosi alipeleka kwa mdai kiasi kilekile cha fedha, kidogo sana hata mdai mwanzoni alikicheka. Baadaye aliacha kucheka. Deni lilikwisha mwaka wa tatu. Hapakuwa na muujiza wa kupigiwa kengele, ila asubuhi zaidi ya elfu moja, na katika kila moja ya asubuhi hizo mama aliamka. Mimi naamini kwamba neema ya Mungu ilikuwa ndani ya kuamka huko.

Na banda dogo laweza kugusa dunia. Dan West, mkulima Mkristo wa Marekani, alikuwa akigawa maziwa kwa watoto wenye njaa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania, miaka ya mwisho ya 1930. Aliona kwamba kikombe kinakwisha na kesho mtoto ana njaa tena, akafikiri kuwa heri familia ipewe ng'ombe. Njaa ya dunia ni mlima usio na kilele. Yeye na wenzake walianza na mitamba 17 tu, waliosafirishwa kwenda Puerto Rico mwaka 1944. Sharti lilikuwa kwamba anayepokea ng'ombe atampa mwenziwe mtamba atakayezaliwa. Kwetu utaratibu wa namna hiyo tumeufahamu kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, na ziko familia nyingi zilizosomesha watoto kwa njia hiyo. Angengoja apate ng'ombe wa kuwatosha wenye njaa wote, hata mmoja asingetoka bandarini.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliingia monasteri ya Lisieux akiwa na miaka 15, akafariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu. Kazi zake zilikuwa za kufagia, kufua na kuwavumilia wenzake, kila moja akiifanya kwa upendo. Hakuwahi kwenda misioni, lakini mwaka 1927 alitangazwa msimamizi wa misioni, na mwaka 1997 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Mungu hakumuuliza amefika wapi. Alitazama alivyoishika siku.

Basi juma hili, wapendwa, napenda kila mmoja achukue ile kazi kubwa inayomlemea, asiitazame yote. Ajiulize: mzigo wa majani wa siku moja katika kazi hii ni upi? Mwenye deni apange kiasi cha kila juma, hata kiwe kidogo cha kuchekesha. Anayeuguza mgonjwa amwombee nguvu za kumgeuza kitandani jioni hii tu, na majirani wa jumuiya wampokee zamu, maana hata banda lina zamu. Wenye kanisa lisilokwisha waende Jumamosi wang'oe nyasi juu ya msingi. Kung'oa nyasi nako ni ujenzi. Kisha tuvumilie, tukijua kwamba zitakuwapo siku za mvua, siku za uchovu, na siku ambazo ndama ni dume.

Na kwa ninyi ambao leo, siku ya Bwana, mliamka kabla ya alfajiri kukata majani ili muwahi Misa, msihuzunike kama kwamba mmeivunja Dominika. Bwana mwenyewe alisema kwamba hata siku ya Sabato mtu humfungua ng'ombe wake horini ampeleke kunywa maji (Luka 13:15). Aliyezaliwa na kulazwa horini anakijua kilichomo bandani.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeigawa kazi yako ya kuumba kwa siku, utupe moyo wa kuipokea siku yetu moja kutoka mkononi mwako, na kuirudisha kwako jioni ikiwa imekamilika. Uwainue waliokaa chini kwa kukata tamaa, uwaoneshe kipande cha leo, na uwe nao kesho. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.